Matanga ya Aliye Hai

Jathum akikutazama sana, ulijua anakutungia wimbo wa matanga yako. Wala hakuficha. Mngekuwa mmekaa mnakunywa chai, mara unaona macho yake yametua kwenye mabega yako, midomo inacheza kidogo, na kidole gumba cha mguu wa kulia kinagonga sakafu polepole. Mimi ni fundi cherehani, nampima mtu suti kwa macho kabla hajakaa, kwa hiyo sikuona ajabu. Wengine walikasirika. Karani mmoja wa soko alimwinulia fimbo mbele za watu, akamwambia aende akamtazame mama yake. Jathum akamjibu kwa upole kwamba wa mama yake alishaumaliza zamani.

Kwetu Wajaluo jathum ni mpiga nyatiti, chombo cha nyuzi nane kinachopigwa mtu akiwa ameketi chini kabisa, njuga mguuni, na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu inayogonga mti wa chombo chenyewe. Wapiga nyatiti walikuwa wengi Homa Bay miaka ile. Lakini ukisema Jathum tu, bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema yeye. Alikozaliwa na ukoo wake waulize wenye kazi hiyo. Mimi nilimjua tangu nilipofungua duka langu la ushonaji karibu na gati, mpaka mwisho wake, na ninayoyajua ni ya mtu mzima mwenye ndevu.

Sababu ya kutunga mapema alinieleza mwenyewe. "Mtu anakufa usiku," alisema, "asubuhi wanakuita. Maneno utatoa wapi? Utaimba uongo tu. Utasema alikuwa mkarimu na kumbe alikuwa anaficha mboga wageni wakija." Basi alikuwa nazo kichwani, nyimbo za watu wazima wenye afya zao, kila mmoja na wake. Alikuwa na wa chifu, alikuwa na wa katekista, alikuwa hata na wa mama yangu, Msabato aliyeamini kwamba nyatiti ni chombo cha Shetani na aliyefunga dirisha kila Jathum alipopita. Siku moja mama alinivuta kando jikoni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ati huyo rafiki yako anasemaje juu yangu?" Nikamwambia sijui. Akakoroga sufuria kidogo, kisha akasema, "Mwambie asisahau kwamba ni mimi nilianzisha jiko la kanisa."

Lakini nyimbo zenyewe hakuziimba hata kwa kunong'ona. Hapo ndipo alipokuwa na hofu. Aliamini kwamba wimbo wa matanga ukitoka mdomoni kabla ya siku yake, hauwezi kurudi. Utazunguka ukimtafuta mwenyewe mpaka umpate. Mimi nilimcheka. Nililelewa kwa Biblia na kodiani, sikuwa na nafasi ya mambo hayo. Naye aliicheka kodiani yangu, akisema inapumua kama mtu mwenye pumu. Tulipopiga pamoja kwenye sherehe, mimi na kodiani yangu, yeye na nyuzi zake, alikuwa na neno moja tu la kunifundishia. Nikianza kuharakisha, hata kama amefumba macho, angesema, "Unakimbia. Nani anakufukuza?" Nilichukia neno hilo kuliko matusi.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Maisha yake yote aliyapitisha kwenye vibanda vya pombe na hakuonja pombe. Chai aliitia sukari mpaka kijiko kikasita. Aliishi hatua chache kutoka ziwani na aliogopa maji. Mwaka ule ziwa lilipopanda likaingia mpaka kwenye maduka ya ufukweni, watu walibeba vitanda vyao wakicheka, yeye alihamia mguu wa kilima na hakushuka kwa wiki nyingi. Alisifu watu kwa kazi, ndiyo riziki yake, lakini ukimtaka akusifu bure barabarani alikunja uso. Na mjane asiye na kitu akimwita, alikwenda kwa miguu, akapiga mpaka asubuhi, akarudi na kuku mmoja mikononi au bila hata huyo kuku.

Rafiki aliyempenda hasa alikuwa mmoja, mchimbaji wa dhahabu kule Masara, upande wa Migori. Sijaona watu wawili wasiofanana kama wale. Mchimbaji alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe, vumbi la mawe lisilotoka kwenye kope, na hakuogopa kitu chochote kilicho juu ya ardhi wala chini yake. Kila alipopata kidogo alikuja Homa Bay na pakiti ya sukari kwapani, akalala kwa Jathum, na asubuhi wote wawili walikuja dukani kwangu kushtakiana nani alikoroma. Nikiwatazama, nilijiona mpweke, na ninasema hivyo bila aibu.

Mwaka mmoja kabla ya Uhuru mchimbaji akaposa msichana wa Kikuria. Mambo ya ng'ombe walioibwa baina yetu na wao yalikuwa bado mabichi, na wazee wa kila upande waliapa hawatakanyaga nyumbani kwa wenzao. Mwisho wakakubaliana harusi ifanyike kwenye korongo la mto Migori, chini ya machimbo, mahali pasipo na shamba la mtu. Njia ya kushuka ilikuwa ya mbuzi. Nilishuka kwa makalio nikiwa nimekumbatia kodiani, na Jathum nyuma yangu ameiinua nyatiti juu ya kichwa chake, analaani kila jiwe kwa jina. Kule chini kulikuwa na mchanga mpana, mto mwembamba wa kiangazi, na kuta za mwamba pande zote mbili zilizofunga mbingu ikabaki kama mkeka mmoja. Wao walikaa upande ule wa maji, sisi upande huu. Walikuja na mpiga litungu wao, chombo cha nyuzi cha Wakuria, mzee mwenye vidole vikubwa, na alipopiga hata Jathum alinyamaza akasikiliza.

Pale korongoni kila sauti ilirudi. Jathum alipoanza kuimba, mwamba wa ng'ambo ulirudia mwisho wa kila mstari, ukichelewa kidogo, kama mwanafunzi. Watu walifurahi, wakapiga kelele kuujaribu. Yeye hakufurahi. Nilimwona anatazama mwamba ule kati ya nyimbo.

Sasa, nyatiti ina sheria yake. Mtu akitupa sarafu akasema simama, muziki unasimama. Anajisifu atakavyo, au anaagiza asifiwe nani na kwa wimbo gani, na jathum hana ruhusa ya kukataa. Ndiyo heshima ya kazi. Jathum aliyekataa agizo mbele ya watu hawezi kuitwa tena popote. Jua lilikuwa limepita katikati ya ule mkeka wa mbingu, nyama imeliwa, pombe imezunguka, ndipo bwana harusi mwenyewe aliposimama akatupa sarafu.

"Simama," akasema kwa Kijaluo. "Omera, ndugu yangu, wewe ulinitungia wangu. Najua ulinitungia, nilikuona ukinitazama. Leo nataka huo."

Watu wa upande wetu wakacheka. Jathum hakucheka. "Huo sina," akasema.

"Unao. Kila mtu anaimbiwa wakati hana masikio. Mimi nataka kusikia nikiwa nayo. Kama mimi ni rafiki yako, niimbie leo, siku yangu."

"Agiza mwingine wowote. Nitapiga mpaka kesho bila sarafu."

"Nimetupa sarafu, Jathum."

Wazee wetu wakatazamana. Sarafu ilikuwa imetupwa. Jathum alikaza uzi mmoja, akaulegeza, akaukaza tena, mpaka upande wa pili wa mto wakaanza kuulizana. Kisha akaishusha kofia yake juu ya macho, akapiga.

Nimesikia nyimbo nyingi, na sijasikia mwingine kama ule. Ulikuwa wa taratibu, unakwenda na kurudi kama mtu anayevuta kamba kutoka shimoni. Ulisema kuna mtu alikwenda chini kutafuta kinachong'aa, akapendwa na wa huko chini, wakamkaribisha kiti, wakakataa kumrudisha. Ulitaja jina lake, na jina la baba yake, na kucheka kwake. Mwamba ukalirudia jina. Wajaluo wakaacha kutafuna. Mchimbaji alicheza, akizunguka peke yake mchangani, mikono imenyooshwa, machozi yanamtiririka na meno yote nje. Alikuwa na furaha, yule mjinga.

Wakuria waliona ni wimbo mzuri wa harusi. Mzee mmoja tu, aliyewahi kuuza ng'ombe kwetu na kukijua Kijaluo, alitema mate pembeni akautazama mto. Bibi harusi hakujua neno hata moja la lugha yetu. Alikuwa amekaa katikati ya shangazi zake, mrefu, kimya, shanga mpaka kifuani, na kichwa ameinamisha upande mmoja kama mtu anayetaka kukumbuka. Mkono wake ulikuwa unapiga mwendo wa wimbo ule juu ya goti la shangazi yake.

Tulipokuwa tunapanda, Jathum aliniambia, "Nimemzika."

"Amekula sahani mbili za nyama," nikamwambia. "Mtu aliyezikwa hali hivyo."

Tangu hapo hakuwa mtu wa kutaniwa sana.

Mara moja tu alikwenda kuwatembelea, nami nikiwa naye. Mke alikuwa nje, anatwanga mawe ya dhahabu kwenye kinu cha chuma pamoja na wanawake wengine, mtoto mgongoni. Na alikuwa anauimba kwa pua, bila maneno, wimbo wote mwanzo mpaka mwisho, kwa mwendo wa mchi. Jathum akasimama pale pale. Yule mama akatuona, akaja akifuta mikono, akasema kwa Kiswahili, maana ndicho walichokuwa wanasikilizana kwacho yeye na mumewe, "Shemeji, karibu. Unasikia? Ni ile nyimbo yako ya harusi. Mtoto hawezi kulala bila hiyo."

"Ni vizuri, shemeji," akasema Jathum. Akaiweka sukari yetu juu ya jiwe. Mchimbaji alikuwa bado shimoni, hatukumngoja.

Nani angemwambia? Nilifikiri ni kazi ya mumewe, na mumewe aliona ni mchezo mtamu. Majirani waliogopa. Kwa hiyo mwanamke yule aliimba matanga ya mume wake asubuhi na jioni, akamlaza nayo mtoto wa kwanza, na wa pili, na sisi kule Homa Bay tulijua, na Jathum alijua kuliko sote. Alianza kukaa mahali basi la Migori liliposimama. Akimwona mtu mwenye vumbi la Masara kwenye viatu anamuuliza, "Huko wanaendeleaje?" Akijibiwa salama, anaondoka bila kuaga. Shimo moja lilipoanguka mwaka fulani, habari ikafika kwamba kuna watu wamebaki chini, nilimkuta ameitungua nyatiti ukutani ameiweka mbele yake, hajaigusa, jasho linamtoka. Kesho yake tukasikia mchimbaji mzima. Alichelewa kushuka. Jathum akairudisha nyatiti ukutani na akalia kwa sauti, mbele yangu, kama mtu aliyepigwa.

Lakini kwenda kumwona hakwenda. Mchimbaji akaja mwenyewe. Siku hiyo Jathum alikuwa dukani kwangu, akaisikia ile sauti ya kuita ng'ombe tangu gati, na mtu mzima yule, mwenye jina lake, akajitupa chini ya meza yangu ya kukatia nguo. Mchimbaji akaingia, akanisalimia, akatazama huku na huku.

"Jathum yuko wapi?"

"Ametoka," nikasema.

Akakaa kidogo na pakiti ya sukari magotini. "Akirudi, mwambie miguu yake inaonekana," akasema. Kisha sauti ikapungua. "Na mwambie, kama nilimkosea, aniambie nimekosa nini. Mimi si mtoto."

Akaiacha sukari juu ya cherehani akaenda. Jathum alibaki chini ya meza kitambo. Nilitaka kumpiga teke. Nilimhurumia pia, na sikujua lipi litangulie.

Miaka ya mwisho ya sitini alikuwa akiitwa sana bonde la Lambwe, kwenye matanga ya watu waliokufa kwa malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na ndorobo. Hakukataa. Nadhani alifikiri kifo kikishughulika huko hakitakwenda Masara. Mwishowe ndorobo wakampata yeye. Hospitali wakamchoma sindano, wakamrudisha nyumbani amekonda, macho mazito. Ugonjwa ule unakuvuta ulale mchana, naye aliogopa kulala. Alinishika kifundo cha mkono, akaniambia nimfinye akisinzia. "Nikilala," alisema, "nani atauliza habari za Masara?" Nilimfinya siku ya kwanza. Siku ya pili niliona mikono yake imejaa alama za vidole vyangu, nikatuma mtu Masara bila kumwambia.

Walikuja kwa basi la asubuhi, mume na mke. Mchimbaji alikataa kuingia. Alibaki uani, ameupa mgongo mlango, anatazama kuku. Mke akaingia peke yake, akavua viatu, akakaa kwenye kigoda karibu na kitanda. Jathum alikuwa bado amenishika kifundo.

"Oyawore, Jathum," akasema. Na akaendelea kwa Kijaluo, Kijaluo kilichonyooka kuliko changu. Jathum akafumbua macho yote mawili.

"Umejifunza," akasema.

"Na mtoto wa kwanza. Alipoanza kusema, tulijifunza pamoja."

Niliona ameelewa, na niliona hofu inampanda usoni. "Basi unajua," akasema.

"Nilikuwa natwanga mawe. Maneno yakaja yenyewe, yale niliyoyasikia korongoni, moja baada ya jingine, na kila moja nikalijua. Mchi ukanianguka."

"Na bado uliimba?"

"Nilitaka kuacha. Halafu nikafikiria, hata jembe ukilitumia kila siku linaisha. Nikasema nitautumia huu mpaka uishe. Kila asubuhi nasimama kwenye mdomo wa shimo naimba, na yeye hashiki kamba kabla sijamaliza. Niliondoa jina kwanza. Kisha nikatoa maneno mengine, mpaka sasa hakuna hata moja. Siku ile shimo lilipoanguka mtoto alikuwa analia, nikakatika, nikaanza upya. Yeye alikuwa bado juu, ananingoja na kunikasirikia."

Mimi sijui. Mashimo huanguka, na watu huchelewa. Lakini Jathum alimtazama yule mwanamke kama nilivyowahi kumwona akimtazama mzee wa litungu, mtu wa kazi moja na yake.

"Basi wimbo umekuja kwangu," akasema polepole. "Haukumpata yeye, umekuja kwangu. Si vibaya. Uimbe, shemeji, nisikie ulivyobaki. Weka jina langu."

"Jina halikai tena humo," akasema. "Nimekuambia umechakaa. Ni wa kulaza watoto tu."

Akaanza kuuimba, kwa pua, jinsi nilivyomsikia kwenye kinu. Ulikuwa ule ule, lakini pembe zake zote zilikuwa zimelika. Mlango ukatiwa giza. Mchimbaji alikuwa ameingia. Hakusalimia mtu. Aliitungua nyatiti ukutani, akaketi sakafuni na magoti yake mabovu, akaivaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu. Nyuzi hakuzigusa, hakuzijua. Alianza tu kugonga mti kwa ile pete, kufuata wimbo wa mkewe, uso wake ameuinamisha, akagonga kwa nguvu, upesi, kama mtu mwenye hasira au mwenye kulia.

Jathum alikuwa tayari amefumba macho. Mkono wake ulikuwa umekiachia kifundo cha mkono wangu.

"Omera," akasema, "unakimbia. Nani anakufukuza?"

Mchimbaji akapunguza mwendo, na Jathum akakubali kulala.